Miji ya Ngome za Japani kwa Miguu: Njia ya Siku 8 na Chakula cha Kila Mji

Wageni wengi wakifika Japani huenda Tokyo, Kyoto na Osaka, wakapiga picha chini ya ngome ya Osaka, basi. Ngome ile ni ya zege, ilijengwa upya mwaka 1931, na ndani kuna lifti. Kuiona si vibaya. Ila kama unataka kupanda ngazi zilezile za mbao walizopanda samurai, halafu ushuke mtaani ule kile ambacho wenyeji wa mji huo wanakula, iko njia nyingine, na sehemu zake tamu zaidi zinatembewa kwa miguu.

Japani nzima imebaki na minara mikuu 12 tu ya ngome iliyosimama tangu enzi za mabwana wa vita. Mwaka 1615 serikali ya ukoo wa Tokugawa iliagiza kila bwana abaki na ngome moja, nyingine zivunjwe. Mwaka 1873 serikali mpya ya Mfalme Meiji ikaorodhesha ngome za kufutwa, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena. Halafu yakaja mabomu ya 1945, yakaharibu za Nagoya, Okayama na Hiroshima. Kati ya 12 zilizonusurika, tano zimetangazwa kuwa Hazina ya Taifa: Matsumoto, Inuyama, Hikone, Himeji na Matsue. Hapa tunapita nne za kwanza, tukianzia mashariki kuelekea magharibi. Matsue iko upande wa Bahari ya Japani, inahitaji safari yake peke yake.

Ushauri mkubwa nilio nao ni huu: lala kwenye miji hii. Anayekuja na treni ya asubuhi kutoka Tokyo au Osaka hufika ngomeni saa 5, pamoja na mabasi yote ya watalii, akapanga foleni, akaondoka bila kuujua mji. Wewe fika mchana wa jana yake, tembea mitaa ya wafanyabiashara jioni, ulale, na asubuhi uwe mlangoni ngome inapofunguliwa. Matsumoto na Hikone hufungua saa 2:30 asubuhi, Inuyama na Himeji saa 3. Ratiba zao zimeandikwa 08:30 na 09:00, usije ukazisoma kwa saa za kwetu.

Kabla hujakata tiketi

Viza inaombwa kabla ya kuondoka. Ukiwa Tanzania au Kenya, ni ubalozi wa Japani wa Dar es Salaam au Nairobi. Wataomba ratiba ya siku kwa siku. Jaza miji kama ilivyopangwa hapa. Tiketi ya ndege tafuta ya kuingilia Tokyo na kutokea uwanja wa Kansai, Osaka. Ukirudi Tokyo kupanda ndege unapoteza siku na nauli bure.

Wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Novemba. Hewa ni kavu, majani ya miti yamekuwa mekundu, na soba mpya, nafaka ya kutengenezea tambi, imeshavunwa milimani. Mwanzo wa Aprili kuna maua ya sakura, lakini na dunia nzima imekuja kuyaona. Epuka kabisa siku za mwisho wa Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei, maana Wajapani wenyewe wako likizo na vyumba vinakwisha. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua, na joto la Agosti hata mtu wa Dar atalilalamikia. Mwisho wa Desemba ngome nyingi hufungwa siku chache.

Kuhusu treni: pasi ya reli ya nchi nzima ya siku 7 ilipandishwa Oktoba 2023 hadi yeni 50,000. Kwa njia hii hailipi. Nunua tiketi moja moja, utatumia chini ya hapo. Kadi za kugusa getini kama Suica na ICOCA ni nzuri ndani ya eneo moja, lakini safari inayovuka kutoka eneo la kampuni moja ya reli kwenda la nyingine, mfano Matsumoto hadi Nakatsugawa, inataka tiketi ya karatasi. Wengi hugundua hilo wakiwa getini mwa kushukia, nyuma yao watu wamejazana.

Begi kubwa usitembee nalo. Hoteli nyingi na maduka madogo ya saa 24, wao huyaita konbini, hupokea mizigo ya huduma iitwayo takkyubin: unajaza fomu, unalipa, na kwa kawaida begi linakukuta hotelini kwako kesho yake. Litume kutoka Tokyo moja kwa moja hadi hoteli ya Nagoya, wewe ubaki na begi la mgongoni lenye nguo za siku 3.

Soksi. Nalitaja peke yake makusudi. Kwenye minara unavua viatu, unavitia kwenye mfuko wa plastiki wanaokupa, unavibeba mkononi na kupanda hivyo. Sakafu ni mbao zilizosuguliwa na karne nne za nyayo, zinateleza, na Novemba ni baridi kama barafu. Chukua soksi nene zisizoteleza na viatu vya kuvuliwa haraka. Ngazi zenyewe zina mwinamo wa nyuzi 60 na zaidi, yaani unapanda kwa mikono na miguu. Mwenye baibui au kanzu avae suruali ndani ili aweze kukunja nguo. Mwenye mtoto mdogo amfunge mgongoni au wapokezane na mwenzake nje, maana gari la mtoto haliingii.

Pesa taslimu tembea nazo. Mijini kadi zinapokelewa, lakini bibi anayechoma maandazi ya mchele kijijini anataka sarafu. ATM za konbini nyingi zinakubali kadi za nje.

Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa pombe

Soma hapa kwanza, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokwama. Nguruwe si tatizo kubwa sana, unaweza kumkwepa. Kinachojificha ni mirini, pombe tamu ya mchele inayotiwa kwenye sosi nyingi, hata ya kuchovya tambi na ya kupaka samaki wa kuchoma. Kila mtu ana msimamo wake juu ya hilo, ila ujue ipo. Andika kwenye simu sentensi hizi mbili na umwonyeshe mhudumu: *Butaniku nashi de onegaishimasu*, kuomba chakula bila nyama ya nguruwe, na *Osake ya mirin wa haitte imasu ka?*, kuuliza kama kuna pombe au mirini. Hakuna atakayekasirika. Mara nyingi ataenda jikoni kumuuliza mpishi, arudi na jibu la kweli.

Nyumba za kulala wageni zinazopika chakula cha jioni ziambiwe siku kadhaa mapema, wakati wa kuweka nafasi. Ukisema ukishafika, chakula kimeshapikwa na umewatia aibu wenyeji wako. Njia rahisi barabarani ni onigiri, bonge la wali lililofungwa mwani, lenye samaki au achari ya ume, tunda chachu la huko, ndani.

Saa za kula nazo ni za kuzingatia. Migahawa ya mchana hufunguliwa saa 5 na nusu, na ikifika saa 8 jiko limezimwa hadi jioni. Katika miji midogo maduka mengi ya mtaa wa kale hufunga saa 11 jioni.

Hatua ya 1: Jifunze kuusoma mji

Miji hii ilijengwa kwa mpango, na ukiujua mpango huo hata mtaa wa kawaida unaanza kusema nawe. Katikati ngome. Kuizunguka, handaki la maji. Karibu na handaki nyumba za samurai, wakubwa karibu, wadogo mbali. Baadaye mitaa ya wafanyabiashara na mafundi, kila kazi na mtaa wake, na majina yamebaki hadi leo: ukiona *Kajimachi* walikaa wahunzi, *Konyamachi* walikaa watia rangi nguo. Pembeni mwa mji wakapanga mahekalu kwa safu, kwa kuwa yana viwanja vikubwa na kuta nene ambapo askari wangeweza kujipanga adui akija.

Angalia na njia. Barabara inakwenda vizuri, ghafla inakata kulia, hatua chache inakata kushoto, kisha inaendelea. Hapo hapana kosa la mpimaji. Ilitakiwa adui asione mbele na asiweze kukimbiza farasi moja kwa moja hadi getini. Stesheni za reli, kwa kuwa zilikuja baadaye, ziko nje kidogo ya mji wa kale. Kwa hiyo ukitembea kutoka stesheni hadi ngomeni unavuka tabaka zote kwa mpangilio. Ukichukua teksi unazikosa zote.

Hatua ya 2: Matsumoto, siku 2

Kutoka stesheni ya Shinjuku, Tokyo, panda treni iitwayo Azusa, takribani saa 2 na dakika 40. Viti vyote ni vya kuwekewa nafasi.

Ukitoka stesheni usifuate bango la ngome. Nenda kusini-mashariki dakika kama 15 hadi kisima cha Genchi. Mji huu umekaa juu ya maji yanayoshuka kutoka milimani, na yanabubujika mitaani; wenyeji huja na madumu yao. Jaza chupa yako. Kutoka hapo pandisha hadi mtaa wa Nakamachi, wenye maghala ya kuta nyeupe na vigae vyeusi vilivyopangwa kwa mistari ya mshazari. Mtaa uliungua mwaka 1888, na wafanyabiashara walipojenga upya walichagua kuta nene za udongo zisizoshika moto, ndiyo maana unafanana hivyo wote. Vuka mto Metoba, pita Nawate, kijitaa cha vibanda chenye sanamu za vyura kila kona, na utatokea mbele ya handaki la ngome. Ni matembezi ya kama kilomita 2, bila haraka saa moja na nusu.

Mnara mkuu ulijengwa miaka ya 1590 na Ishikawa Kazumasa na mwanawe Yasunaga, wakati bunduki zilikuwa zimeshaingia Japani, na ni mweusi. Ukiuhesabu kwa nje una ghorofa 5. Ndani ni 6. Ghorofa ya tatu imefichwa chini ya paa, haina madirisha, giza tupu, na hapo ndipo askari wangejificha. Pembeni kuna chumba kilichoongezwa miaka ya 1630, enzi za amani, chenye kuta za kufungua pande tatu kwa ajili ya kutazama mbalamwezi. Simama mlangoni mwake ulinganishe: huku matundu ya bunduki, kule roshani yenye reli nyekundu.

Mwaka 1872 mnara huu uliuzwa kwa mnada ubomolewe. Mwenyeji mmoja, Ichikawa Ryozo, akazuia, akafanya maonyesho ndani yake ili kuchanga pesa za kuukomboa. Baadaye ukaanza kuinama, na mwalimu mkuu wa shule, Kobayashi Unari, akasimamia ukarabati kuanzia 1903 hadi 1913.

Sasa chakula. Hapa ni soba, tambi za kijivu zenye harufu ya nafaka yake, na uagize *zaru*, yaani za baridi, zimewekwa juu ya ungo wa mianzi na kikombe cha sosi pembeni. Chukua tambi chache, chovya nusu tu, vuta mdomoni kwa sauti. Sauti hapa si utovu wa adabu. Ukimaliza usiondoke. Mhudumu analeta birika dogo lenye maji meupe ya moto, yale yaliyochemshiwa tambi. Mimina ndani ya sosi iliyobaki, onja, ongeza, mpaka iwe supu unayoweza kunywa. Mgeni asiyejua hulitazama birika lile akidhani ni chai.

Chakula kingine cha mji ni *sanzoku-yaki*: paja zima la kuku lililolazwa kwenye kitunguu saumu na sosi ya soya, likagaragazwa kwenye wanga wa viazi na kukaangwa. Linafunika sahani. Nyama mbichi ya farasi ipo pia, kwa anayetaka. Na katika maduka ya zawadi utakuta vikopo vya panzi waliopikwa kwa soya na sukari, *inago*. Mtu wa Bukoba au Masaka hatashangaa, ataona tu kuwa senene wa kwao wamevunjiwa heshima kwa kutiwa sukari.

Hatua ya 3: Siku ya kutembea, Magome hadi Tsumago

Hii si miji ya ngome. Ni vituo vya barabara ya Nakasendo, iliyounganisha Edo, Tokyo ya leo, na Kyoto kwa kupita milimani, ikiwa na vituo 69. Mabwana wa ngome, wajumbe na wachuuzi walipita hapa kwa miguu, na kuiacha ni kuacha nusu ya habari.

Kutoka Matsumoto panda treni ya Shinano hadi Nakatsugawa, kama saa moja na robo, kisha basi la nusu saa hivi hadi Magome. Anzia Magome, usianzie Tsumago. Njia ina kilomita 8: unapanda kama mita 200 hadi pale njia inapovuka mlima, halafu sehemu kubwa iliyobaki ni mteremko. Saa 3 zinatosha pamoja na kupumzika. Katika majira ya watalii ofisi za utalii za vijiji hivi viwili husafirishiana mizigo siku hiyohiyo kwa ada ndogo; uliza ukifika asubuhi.

Njiani kuna kengele zimetundikwa kwenye nguzo. Ipige kila unapoikuta, ni ya kuwafahamisha dubu kuwa watu wanapita. Katikati ya msitu kuna nyumba ya zamani ya chai ambapo wanakukaribisha bure. Acha mchango kidogo sandukuni. Kabla ya kuondoka Magome, au ukifika, kula *gohei-mochi*: wali uliopondwa, ukafinyangwa kwenye kijiti, ukapakwa mchuzi wa soya, ufuta na walnati na kuchomwa juu ya makaa. Kuanzia Septemba, Nakatsugawa huuza *kuri-kinton*, kitamu laini cha njugu kubwa za msituni na sukari tu. Nunua viwili, cha pili utakitafuta njiani.

Lala Tsumago. Miaka ya 1960 kijiji kilikuwa kinakufa, vijana wamekwenda mijini. Wenyeji wakakubaliana masharti matatu kuhusu nyumba zao: haziuzwi, hazipangishwi, hazibomolewi. Nyaya za umeme zimefichwa, na mchana magari hayapiti mtaa mkuu. Ikifika saa 11 jioni watalii wameondoka na mabasi yao, na mtaa wote unabaki wenu mliolala. Chakula cha jioni huwa saa 12 kamili: samaki wa mtoni wa kuchoma, mboga za milimani, supu ya miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa. Ukichelewa umewachelewesha wote.

Hatua ya 4: Inuyama, nusu siku

Kutoka Tsumago teremka kwa basi au kwa miguu hadi stesheni ya Nagiso, treni hadi Nagoya, weka makazi hapo na ulipokee begi lako. Inuyama ndio mji pekee ambao nakuruhusu usilale. Asubuhi treni ya kampuni ya Meitetsu inakufikisha Inuyama kwa kama nusu saa.

Ngome ni ndogo, juu ya kilima kando ya mto Kiso. Ilianzishwa mwaka 1537, na hadi 2004 ilikuwa mali binafsi ya ukoo wa Naruse, jambo ambalo halikuwa na mfano kwingine Japani. Ghorofa ya juu ina roshani inayozunguka mnara mzima kwa nje, na reli yake inafika magotini au juu kidogo tu. Mwenye kizunguzungu atazamie mlangoni. Asiye nacho ataona mto na tambarare yote hadi Nagoya.

Mtaa wa Honmachi, chini ya ngome, siku hizi umekuwa wa vitu vya kwenye kijiti, vingine vimetengenezwa kwa ajili ya picha kuliko mdomo. Pita ukatafute *dengaku*: tofu iliyochomwa na kupakwa miso nyekundu. Miso ya mkoa huu wa Aichi ni ya soya tupu, nzito na kali. Ile ya Okazaki, mji wa ngome alikozaliwa Tokugawa Ieyasu, mwanzilishi wa utawala wa ukoo huo, huachwa zaidi ya miaka miwili kwenye mapipa ya mbao yaliyokandamizwa kwa rundo la mawe yaliyopangwa kwa mkono. Kula umesimama mbele ya duka, rudisha kijiti dukani. Mapipa ya taka mtaani hakuna, na kula huku unatembea wanaona si vizuri.

Hatua ya 5: Hikone, siku 2

Shinkansen, treni ya kasi, kutoka Nagoya hadi Maibara, chini ya nusu saa, kisha treni ya kawaida dakika 5. Panda Kodama, au Hikari inayosimama Maibara. Nozomi hupita bila kusimama.

Kati ya miji yote minne, huu ndio ninaoupenda zaidi, labda kwa sababu watu wachache wanautaja. Ulikuwa wa ukoo wa Ii, ambao askari wao walivaa deraya nyekundu. Mnara ulikamilika miaka ya mwanzo ya 1600 na ngome yote mwaka 1622, na sehemu ya mbao zake zilitolewa ngome nyingine na kusafirishwa. Ii Naosuke, waziri mkuu ambaye serikali yake ilitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1858 na aliyeuawa kwa sehemu kwa ajili hiyo mwaka 1860, alizaliwa hapa.

Anzia kwenye zizi la farasi karibu na handaki, la farasi 21, lililo nadra kubaki Japani. Kisha panda. Ngazi za mawe zimepangwa kwa vipimo visivyolingana: moja fupi, inayofuata ndefu. Jaribu kuzikimbilia uone utakavyojikwaa, ndilo lililokusudiwa. Juu yake kuna daraja la mbao mbele ya lango la Tenbin, la kuangushwa adui akifika. Ndani ya mnara tafuta matundu ya mishale na bunduki: kwa nje yamezibwa kwa lipu, hayaonekani, yangetobolewa siku ya vita. Vita haikuja. Ukitoka, shukia upande wa bustani ya Genkyuen, utazame mnara kupitia bwawa.

Mtaa wa Kyobashi ulioko mbele ya ngome ni mzuri kwa macho, ila ulijengwa upya karne iliyopita kwa sura ya kale. Mji wa kweli uko kusini, Serihashi, walikoishi askari wa miguu wa daraja la chini. Vichochoro vyake ni vyembamba na baadhi ya nyumba zao bado zinakaliwa na watu, kwa hiyo tembea kimya na usichungulie.

Chakula cha Hikone kina historia ya ajabu. Enzi za Edo, yaani za utawala wa Tokugawa, kula ng'ombe lilikuwa jambo la kukwepwa kwa sababu za dini, lakini Hikone walitengeneza nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye miso, wakaiita dawa, na kumpelekea shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi, kama zawadi. Nyama ya Omi inatoka kwenye mzizi huo, na bei yake ni ya kushtua; mchana huwa nafuu kuliko jioni. Bakuli la tambi la *Omi-chanpon* ni la bei ya kawaida, ila lina nguruwe.

Halafu kuna *funazushi*. Samaki wa Ziwa Biwa, jike mwenye mayai, analazwa kwenye chumvi kwa miezi, kisha anajazwa wali, anapangwa kwenye pipa na kukandamizwa, anaachwa achachuke hata mwaka na zaidi. Huletwa vipande vyembamba kama sarafu, katikati mayai ya rangi ya chungwa. Harufu inakutangulia mezani. Ulimini ni uchachu, chumvi, kisha utamu unaokuja polepole. Agiza sahani ndogo mle wawili. Ukishindwa kumla hivyo, mtie juu ya wali na umwagie chai ya moto, anatulia.

Siku ya pili panda treni ya kawaida inayosimama kila kituo hadi Azuchi, kama dakika 20, utembee nusu saa hivi hadi magofu ya ngome ya bwana wa vita Oda Nobunaga. Iliisha kujengwa 1579 na kuungua 1582. Kimebaki kilima na ngazi pana za mawe, na kwenye ngazi hizo kuna mawe yenye sanamu za Buddha, kwa sababu mafundi walichukua kila jiwe walilolipata. Mwafrika aliyejulikana kama Yasuke alimtumikia Nobunaga. Walikutana Kyoto mwaka 1581, alipofika na wamisionari Wajesuti. Nobunaga hakuamini rangi ile, akaamuru aoshwe ili aone kama ni wino. Akampa makazi, upanga mfupi na posho. Mtawa mmoja Mfaransa aliandika mwaka 1627 kuwa alitoka Msumbiji. Ukipanda ngazi hizo, unapita kwenye ngome ya bwana wake.

Hatua ya 6: Himeji, siku 1 na nusu

Kutoka Hikone kuna treni iitwayo *shinkaisoku*, ya haraka lakini haina nyongeza ya nauli, inayofika Himeji kwa saa 2 na dakika 20 hivi, nyingine bila kubadilisha.

Ukitoka stesheni unaiona ngome moja kwa moja mwisho wa barabara pana, nyeupe, umbali wa kama kilomita 1. Barabara hiyo ni ya baada ya vita, mji ulipoungua Julai 1945. Bomu la moto liliangukia hata ngome, halikulipuka. Mnara unaouona ulikamilishwa na Ikeda Terumasa mwaka 1609, ukaingia Urithi wa Dunia mwaka 1993, na ukafanyiwa ukarabati mkubwa ulioisha 2015. Tangu Machi 2026 mtu mzima asiye mkazi wa Himeji analipa yeni 2,500, zaidi ya mara mbili ya awali. Hata hivyo lipa.

Ndani usikimbilie mnara. Fuata malango, na uone unavyochezewa: mnara uko pale, karibu kabisa, lakini njia inakugeuza nyuma, inakupitisha kwenye lango dogo la kuinama, inakuzungusha tena. Muda wote huo uko chini ya matundu ya ukuta, ya pembetatu, ya duara na ya mstatili. Mchana nenda Nozato, kaskazini-mashariki ya ngome, uone nyumba za wafanyabiashara zilizopona moto.

Chakula cha mchana kiwe *anago*, mkunga wa bahari iliyo jirani, wa kuchomwa juu ya wali. Jioni *oden* ya Himeji: figili nyeupe, mayai na vipande vya samaki wa kusagwa vilivyochemshwa taratibu, na juu yake sosi ya soya yenye tangawizi. Tangawizi ndiyo tofauti ya hapa na kwingine. Na stesheni, kwenye jukwaa la treni, kuna kibanda cha *ekisoba*, kilichoanza mwaka 1949 unga ulipokuwa adimu: tambi za njano za Kichina ndani ya supu ya samaki ya Kijapani. Unakula umesimama, dakika 5, bei ndogo.

Kutoka Himeji hadi uwanja wa Kansai kupitia Osaka, kwa treni za kawaida, weka saa 2 na nusu, na ongeza saa nzima ya akiba kama ni siku ya kazi na una begi kubwa. Treni za asubuhi za kuingia Osaka hujaa mpaka mlangoni.